Nywele Timtim na Hewa ya Tanga

Jumamosi, saa nane mchana, katika saluni moja ya Ngamiani, binti anainuka kitini. Nywele zake zimepigwa draya, zikapitishwa pasi fungu kwa fungu, na sasa zimelala hadi mabegani zikimeremeta. Msusi anamshikia kioo kwa nyuma ajione kisogo. Anatabasamu, analipa, anapanda bajaji. Njia ya Raskazone ina upepo wa bahari, na bajaji haina mlango. Akifika kwenye shughuli, nywele za pajini zimeshainuka, za kisogoni zimeshajikunja, na shoga yake anampokea uani: "Wewe, mbona timtim? Si ulisema unakwenda saluni?"

Alikwenda. Na msusi alifanya kazi yake vizuri.

Hilo la pili ndilo lililonikalia kichwani kwa wiki kadhaa. Mteja atalalamika kwamba mafuta yalikuwa feki. Msusi atasema nywele za mteja ni kaidi. Mama atasema binti hajui kutulia. Wote wanatafuta mkosaji, na hali pasi ileile, mikono ileile na mafuta yaleyale vingepelekwa Dodoma wakati wa kiangazi, nywele zingelala siku kadhaa bila ugomvi. Hewa haimo kwenye orodha ya watuhumiwa.

## Kinachotokea ndani ya unywele

Unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama makuti ya paa, ncha zikielekea chini. Magamba yakilala, nywele huteleza zinapogusana na mwanga hurudi kwa pamoja, ndipo tunaona zinang'aa. Yakiinuka, kila unywele unamkwaruza jirani yake na kunasana naye.

Chini ya magamba kuna nyuzi za protini ya keratini, zimeshikana kwa vifungo. Viko vya aina mbili vya kujua. Vifungo vya salfa ni imara. Ndivyo vinavyoshikilia umbo ulilozaliwa nalo, liwe la kipilipili, la mawimbi au la singa, na maji hayaviwezi. Vifungo vya haidrojeni ni dhaifu lakini ni vingi mno. Nywele zikilowa vinaachia; zikikauka vinajifunga upya palepale nywele zilipokuwa zimewekwa.

Draya na pasi zinacheza na hivi dhaifu tu. Zinafukuza maji huku nywele zimevutwa, vifungo vinajifunga zikiwa zimenyooka, na umbo hilo linakaa mpaka maji yarudi.

Tanga maji hayangoji mvua ili yarudi.

Asubuhi unyevu wa hewa hapa mara nyingi hupita asilimia 80, na unywele mkavu huuvuta. Ukishiba kabisa unabeba maji karibu asilimia 30 ya uzito wake. Unanenepa kwa asilimia 15 hivi, lakini urefu unaongezeka kwa asilimia mbili hivi tu. Tena hauvimbi sawasawa, hasa nywele zetu, ambazo ukizikata na kuziweka chini ya darubini ni bapa kuliko kuwa duara. Upande mmoja unavimba kuliko mwenzake, unywele unapinda, na kila mmoja unapinda kwa wakati wake na kuelekea kwake.

Saluni yenye kiyoyozi inadanganya zaidi ya zote. Kiyoyozi kinapunguza unyevu chumbani, kwa hiyo kazi inaonekana imekamilika kitini. Mtihani wake unaanza mlango ukifunguliwa.

## Unywele uliochemshwa makusudi

Mwaka 1783, mwanasayansi wa Geneva aitwaye Horace-Bénédict de Saussure alieleza kipimo cha unyevu wa hewa alichokitengeneza kwa unywele wa binadamu. Unywele ulishikizwa ncha moja, ncha ya pili ikaunganishwa na mshale. Hewa ikipata unyevu unywele unarefuka, ikikauka unafupika, na mshale unasogea. Toka hewa kavu kabisa mpaka hewa iliyojaa mvuke, unywele hurefuka kwa asilimia mbili na ushei. Vipimo vya namna hiyo vilitumika kwenye vituo vya hali ya hewa kwa muda mrefu sana.

Lakini kuna hatua moja ndogo katika kazi yake ambayo, nilipoifikia, ilinigeuza mawazo. Kabla ya kuufunga unywele kwenye chombo, aliuchemsha kwanza katika maji yenye magadi ya soda (sodiamu kaboneti) ili kuondoa mafuta. Unywele wenye mafuta yake unachelewa kuisikia hewa. Yeye alitaka unywele unaoitikia upesi.

Sasa tazama kinachofanyika bafuni. Sabuni ya mche, ambayo ni kali kwa nywele kwa sababu ina alkali. Wengine wanaongeza magadi ili "uchafu wote utoke". Maji ya moto. Kisha kusugua kwa taulo. Halafu tunashangaa kwamba kichwa kinabadilika upepo unapobadilika, ilhali tumekiandaa kwa njia ileile ambayo de Saussure aliandaa unywele wa chombo chake.

Kuanzia hapo niliacha kuuliza ni mafuta gani yanalaza nywele. Maswali yenye faida ni mawili: nini kinazivua kinga yake, na zinakauka zikiwa katika umbo gani.

## Timtim si moja

Kabla ya kununua chochote, lowesha kiganja upitishe juu ya sehemu iliyosimama, kisha angalia.

Zikilala papo hapo zikashikana na wenzake, hizo ni nywele nzima zilizochokozwa na hewa. Makala hii ni yao.

Zikibaki zimesimama, fupi, na ncha zake butu kana kwamba zimekatwa, hizo zimekatika. Hakuna mafuta yatakayozirudisha. Tafuta kinachozikata: rasta zilizobanwa mno, kifundo cha ushungi kinachokaa mahali palepale kila siku, pasi, au kitana chenye meno membamba kinachoanzia kwenye mizizi. Za pembeni mwa uso zikiendelea kuvutwa kwa miaka, mizizi yenyewe hufa na ngozi hubaki wazi.

Za tatu ni fupi lakini ncha zake zimechongoka, laini. Hizo zinaota. Ziache.

Watu wengi wanapaka dawa ya aina ya kwanza juu ya tatizo la aina ya pili, miaka nenda miaka rudi.

## Maji ya kisima, maji ya bomba

Maji ya bomba ya mjini Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi unaoshuka kutoka Usambara Mashariki. Visima ni habari nyingine. Ardhi ya huku ina mawe ya chokaa, yaleyale yaliyotoboka yakawa mapango ya Amboni na yanayochimbwa Pongwe kwa ajili ya saruji. Maji yanayopita humo yanabeba kalsiamu. Ukikaribia ufukwe, yanaongezeka chumvi.

Kalsiamu inashikana na sabuni, inakuwa utando mweupe usiosuuzika, na utando huo unakaa juu ya nywele. Nywele zinakuwa ngumu, butu, zinakwaruzana, na kila mafuta unayopaka yanakaa juu ya utando badala ya kukaa juu ya unywele.

Kupima si kazi. Jaza nusu chupa safi kwa maji yako, tia matone machache ya sabuni ya kipande iliyoyeyushwa, tikisa kwa nguvu. Maji laini yanatoa povu tele na chini yanabaki maangavu. Maji magumu yanatoa povu haba, na chini yanageuka kama yametiwa unga.

Ukikuta ni magumu, fanya mambo mawili. La kwanza, usioshe kwa sabuni ya kipande, tumia shampuu, maana nyingi hazifanyi utando na kalsiamu kwa kiasi hicho. La pili, suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au ya bomba, au yenye asidi kidogo: kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe katika lita moja ya maji. Mimina taratibu, ngoja dakika moja, suuza tena. Asidi hiyo inayeyusha kalsiamu na kusaidia magamba kulala.

Ndimu inaweza kufanya kazi hiyohiyo, kijiko kimoja cha maji yake kwa lita nzima. Usikamue ndimu moja kwa moja kichwani. Ni kali mno, na maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi ya paji au shingo kisha ukatoka juani, yanaunguza na kuacha madoa meusi yanayokaa wiki nyingi.

## Kuosha bila kuvua

Mafuta ya nazi yana nafasi yake hapa, kabla ya kuosha, na si mahali wengi wanapoyaweka. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walichapisha majaribio yaliyolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ya nazi ndiyo yaliyopunguza protini inayopotea kwenye nywele, yawe yamepakwa kabla au baada ya kuosha. Sababu yake ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli zake ni ndogo na zimenyooka, zinapenya hadi ndani ya unywele. Yakiwa ndani, maji yanaingia kidogo zaidi wakati wa kuosha, na unywele hauvimbi na kusinyaa kupita kiasi.

Vijiko viwili vya chakula vinatosha nywele za mabegani. Paka nywele zikiwa kavu, usiku wa kuamkia kuosha, au angalau saa mbili kabla. Mafuta halisi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo asubuhi za Julai kusi linapovuma usishangae kuikuta chupa imekuwa nyeupe. Iweke dakika tano kwenye maji ya uvuguvugu.

Gawa kichwa mafungu manne, kila fungu libanwe peke yake. Shampuu iende kwenye ngozi ya kichwa tu, kwa ncha za vidole, si kucha. Povu linaloshuka wakati wa kusuuza linatosha kuosha urefu wa nywele. Mara moja kwa wiki ni sawa kwa wengi. Anayefanya kazi ya jasho anaweza kuongeza siku ya kusuuza kwa maji na kondishena bila shampuu.

Kondishena inapakwa nywele zikiwa chepechepe. Hapo ndipo chanuo lenye meno mapana linapofanya kazi, kuanzia nchani, kupanda kidogo kidogo hadi mizizi. Ukianzia juu unashusha mafundo yote yakutane chini, kisha unayakata. Dakika tatu hadi tano zinatosha, halafu suuza mpaka vidole vihisi utelezi kidogo tu umebaki. Ukisuuza mpaka nywele zilie zikiguswa, umeondoa ulichoweka.

Taulo liache. Chukua fulana kuukuu ya pamba, minya fungu moja moja, usisugue.

Neno kuhusu yai, maana kila saluni lina mtetezi wake. Protini ya yai bichi ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele. Inakaa juu, inakauka, inakakamaa, na ukiisuuza kwa maji ya moto inaiva kichwani. Lile yai lina faida zaidi kwenye sahani.

## Je, ni lazima zilale?

Hili nilizunguka nalo sana. Ukieleza namna ya kudhibiti nywele unaweza kuwa unamwambia mtu kwamba kichwa chake kina kosa. Nywele za kipilipili zinajaa. Hewa ya pwani inazijaza zaidi. Hakuna ugonjwa hapo.

Msimamo nilioufikia ni huu: kinachostahili kupigwa vita ni kukwaruzana na kukatika. Kujaa ni suala la mapenzi ya mwenye kichwa. Na mwenye kutaka zilale siku ya shughuli ana haki yake, mradi asilipie siku hiyo kwa nywele za mwaka mzima.

## Zikauke zikiwa zimefungwa

Vifungo vya haidrojeni vinajifunga nywele zinapokauka, basi umbo linaamuliwa kati ya kulowa na kukauka. Ukiziacha zikauke hovyo, ukazitengeneze baadaye, umechelewa. Na ukizikausha katika umbo linalokaribiana na lile la asili, mvuke ukirudi una kazi ndogo ya kuharibu. Nywele za kipilipili zilizonyooshwa kama singa zina safari ndefu ya kurudi kwao. Zilizosokotwa hazina.

Kwanza ute wa kushikilia. Kata bamia changa 8 hadi 10 vipande vyembamba, chemsha kwa vikombe viwili vya maji, moto mdogo, dakika 10 hadi 15 mpaka maji yawe mazito. Chuja yangali moto kwa kipande cha kanga kuukuu, yakipoa hayapiti. Ukipata mbegu za kitani, vijiko vinne vya chakula kwa vikombe viwili vya maji, koroga dakika 7 hadi 10, na uepue pale ute unapovutika kijikoni bila kukatika. Ukichelewa hapo hutachuja kitu. Ute huu ni chakula, kwa hiyo unaoza. Nje ya friji, kwa joto letu, siku inayofuata unaweza kuwa umeshachacha. Ndani ya friji unafika wiki.

Sasa msokoto mmoja. Chukua fungu la unene wa kidole kidogo, bado linadondosha maji. Paka ute kiasi cha kijiko cha chai, uteremshe kwa viganja viwili kutoka mzizini hadi nchani mpaka usione unywele unaotoka pembeni. Ligawe mara mbili. Kila nusu izungushe kwa ndani kuelekea kulia, kisha zipitanishe kuelekea kushoto. Mizunguko miwili inayopingana ndiyo inayoufanya msokoto ushike bila fundo. Ukizungusha na kupitanisha upande uleule, utafumuka ukiuachia tu. Nchani uviringe kidoleni.

Endelea hivyo kichwa kizima. Misokoto minene ni michache na inakupa nywele zilizojaa. Myembamba inachukua muda lakini inakaa siku nyingi zaidi.

Kisha ngoja. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia Tanga. Mtu anaosha jioni, analala, asubuhi anafumua. Usiku hewa imejaa mvuke, kwa hiyo nje ya msokoto panaonekana pakavu na ndani bado pana maji. Ukifumua hivyo, sehemu iliyobaki na maji inakaukia hewani bila umbo, na ndani ya saa moja kichwa kimetimka. Osha asubuhi, upepo wa mchana ukukaushie. Feni inasaidia, na draya ya kofia kwa moto mdogo nusu saa inasaidia zaidi.

Usikisie kama zimekauka. Chukua msokoto wa kisogoni, karibu na mzizi, ugusishe kwenye mdomo wa juu. Ukihisi baridi, bado kuna maji.

Fumua mchana, unyevu wa hewa ukiwa umeshuka, vidole vikiwa na tone la mafuta. Usichane. Kitana kikavu juu ya nywele kavu kinatenganisha kila unywele na jirani yake, na wewe ulikuwa na kazi ya kuwaweka pamoja.

Anayetaka urefu bila pasi, afanye walivyofanya bibi zetu: nywele zikiwa na unyevu kidogo, zivutwe na kuzungushiwa uzi mweusi kutoka mzizini hadi nchani, zikauke humo. Mwenye nywele za dawa atumie rola kubwa, draya ya kofia dakika 45 hadi saa moja, kisha aziache zipoe robo saa nzima kabla ya kutoa hata rola moja. Zikiwa bado na joto hazijakaza.

## Kinachofunika na kinachovuta

Baada ya kukauka, safu nyembamba ya kufunika. Matone mawili matatu ya mafuta ya nazi au ya ubuyu, viganjani kwanza, kisha juu ya nywele. Mafuta yanachelewesha mvuke, hayauzuii. Ukiongeza wingi hayaongezi kinga. Yanalegeza ule ute na kukusanya vumbi. Mafuta ya nyonyo ni mazito, yaache kwa ncha. Mafuta ya mgando yanazuia maji kuliko yote, na kwa sababu hiyohiyo yanagoma kutoka, basi yatumie pembeni mwa uso tu siku ya upepo.

Silikoni zimesemwa vibaya sana. Kwa hewa ya pwani naona zinatufaa kuliko mengi yanayouzwa kwa jina la asili. Kwenye lebo utazijua kwa majina yanayoishia na "cone". Matone mawili yanatosha, na shampuu ya kawaida inaondoa nyingi kati yake.

Gliserini ndiyo ya kuangalia kwa jicho kali. Ni nzuri kwa ngozi, na kwenye hali ya hewa ya wastani inasaidia nywele zisikauke. Kazi yake ni kuvuta maji. Masika, hewa ikiwa imejaa, inayavuta kutoka hewani na kuyaingiza kwenye unywele, na wewe unaongeza nyingine ukidhani nywele zimekauka. Soma lebo: ikiwa imo kati ya vitu vitano vya mwanzo, bidhaa hiyo haifai kuachwa kichwani Tanga mwezi wa Aprili. Kwenye kondishena inayosuuzwa haina neno.

## Chini ya ushungi

Wengi wa wasomaji wa huku wanajifunika, na ushauri mwingi haujawahi kuwafikiria. Ushungi unaweza kuwa rafiki mkubwa wa nywele: unazuia upepo, jua na vumbi. Mambo yanaharibikia kwenye kuufunga juu ya nywele mbichi. Joto na maji vikifungiwa pamoja, nywele zinakauka zimekandamizwa vibaya, na kuvu wa mba wanapata makazi. Muwasho ukiambatana na magamba ya njano, nenda famasi uulize shampuu ya ketokonazoli. Iache kichwani dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuza, mara mbili kwa wiki.

Ndani ya ushungi vaa kofia au kitambaa cha satini. Pamba inavuta mafuta na kukwaruza. Kifundo kihamishe, leo juu, kesho chini.

## Pasi, dawa, na harufu inayochoma macho

Mwenye kutaka pasi, aipige nywele zikiwa zimekauka kabisa. Maji yaliyobaki ndani ya unywele yanageuka mvuke ghafla, yanatoboa viputo ndani yake, na unywele unakatikia hapo. Mlio wa "chss" na moshi mweupe ni maji yanayochemka. Usikubali kuambiwa ni kawaida. Nyuzi 180 zinatosha, mpito mmoja wa polepole, si mitano ya haraka. Pasi isiyo na namba ijaribu kwenye karatasi nyeupe. Ikiacha alama ya kahawia, itafanya hivyohivyo kwa nywele.

Dawa ya kunyoosha inavunja vile vifungo vya salfa, na haivirudishi. Ndiyo maana hewa ya bahari haiigeuzi. Lakini ni alkali kali sana, inainua magamba na kula protini, kwa hiyo nywele za dawa nazo zinatimka, kwa namna ya kukauka na kukatika. Ritachi, yaani kurudia dawa, ipakwe kwenye nywele zilizoota tu, isipungue wiki nane tangu iliyopita. Ikipita juu ya zilizokwishanyooshwa, mpaka kati ya mpya na za zamani ndio utakaokatika.

Piko isipakwe kwa lengo la kulaza nywele. Hina halisi inashikamana na keratini na kuzipa nywele uzito, zinapungua kutimka, ingawa baadhi zinakakamaa. Piko ina kemikali ya PPD, ambayo kwa baadhi ya watu inavimbisha uso na kuunguza ngozi.

La mwisho ni zile huduma zinazoahidi nywele za singa kwa miezi mitatu bila dawa. Baadhi yake zina fomalini, hiyo hiyo ya kuhifadhia maiti, na pasi ikipita juu yake inatoa gesi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, linaihesabu gesi hiyo kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Kwenye lebo inaweza kuandikwa formaldehyde, formalin au methylene glycol. Mteja anaivuta saa mbili, kisha anakwenda zake. Msusi anaivuta kutwa, katika chumba kimoja chenye dirisha moja, mara nyingi na mtoto mgongoni. Omba uone kopo lenyewe kabla ya kukaa. Likiwa halina lebo, au macho yakianza kuchoma pasi inapogusa nywele, simamisha kazi, fungueni mlango, na mtoto atolewe nje kwanza.